Kasuku wa Kisiwa cha Morisi

Msomaji, yamkini kasuku uliyepata kumwona alikuwa ndani ya kitundu. Katika miji ya pwani yetu ndege huyu alikuwa akitundikwa barazani, akafundishwa kusema hodi na karibu, akawa burudani ya wageni. Mjomba wangu alikuwa na mmoja wa rangi ya kijivu na mkia mwekundu, aliyetoka Kongo, naye alijua kukohoa kama mzee wa nyumba hata majirani wakampa pole. Kwa hiyo jina la kasuku likitajwa, aghalabu twamfikiri mtu asemaye asiyoyafahamu, au mwanafunzi akaririye somo bila ya kulielewa. Kasuku nitakayekupa habari zake hana sifa hiyo. Haigi neno la mtu, wala hapatikani barazani kwa mtu. Aishi katika msitu mdogo wa kisiwa kimoja, na kwingineko kote duniani, mwituni, hayuko.

Kisiwa chenyewe ni Morisi, katika Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 800 mashariki ya Bukini, ambayo siku hizi tumezoea kuiita Madagaska. Ukubwa wake wazidi ule wa Unguja kwa kiasi kidogo. Kiliinuka baharini kwa moto wa volkano, wala hakikupata kuungana na bara lolote. Kila kiumbe kilichofika huko kabla ya mwanadamu kilifika kwa bawa, kwa wimbi au kwa upepo. Mnyama wa nchi kavu mwenye kunyonyesha hakuwako, isipokuwa popo. Ndege walitaga bila ya kumwogopa panya, maana panya hawakumjua.

Kasuku wa Morisi ni wa kijani kilichokolea mfano wa zumaridi. Urefu wake, pamoja na mkia, ni karibu sentimita 40. Dume ana mdomo mwekundu na utepe mweusi shingoni uliopakana na utepe wa waridi. Jike aliyekomaa ana mdomo mweusi. Nakuomba ulitie akilini jambo hili la mdomo, maana nitalirudia. Zamani kisiwa hiki na jirani zake wawili, Réunion na Rodrigues, vilikuwa na kasuku wa namna kadhaa. Mmoja alikuwa na kichwa kikubwa na mdomo mpana ajabu. Twamjua kwa mifupa yake na kwa mchoro wa mabaharia wa Kiholanzi wa mwaka 1601. Mwingine, wa Rodrigues, hakuonekana tena baada ya 1875. Wote wamekwisha, amebaki huyu.

Waholanzi walitia nanga Morisi mwaka 1598. Miaka sitini na minne tu baadaye, mwaka 1662, dodo alionekana kwa mara ya mwisho inayokubaliwa na wengi. Nasema dodo, wala sina maana ya embe; huyu alikuwa ndege mkubwa asiyeruka, wa jamii ya njiwa, ambaye jina lake limekuwa mfano wa kila kitu kilichotoweka. Habari za dodo zimesimuliwa mara nyingi, nami sitaziongeza. Walakini ni vyema ujue kwamba mabaharia hawakumla wote peke yao. Walileta nguruwe, nyani wadogo wa Asia, na panya waliojificha ndani ya merikebu, nao hao waliyala mayai usiku na mchana, pasipo kungoja njaa ya baharia.

Kisha likaja shoka. Waholanzi walitafuta mti mweusi mgumu, ndugu wa mpingo kwa sura ingawa si kwa nasaba. Wafaransa waliowafuata katika karne ya 18 walitaka mashamba, na mashamba yalitaka mikono. Hapa kisa cha kasuku chapita mlangoni petu. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa ili apate watumwa 1,000 kila mwaka. Wengi walipitishwa Kilwa na Msumbiji wakapelekwa Morisi, na huenda shoka lililouangusha mti wa kasuku lilikuwa mikononi mwa mtu aliyetolewa nyuma ya pwani hii bila ya hiari yake. Waingereza walikitwaa kisiwa mwaka 1810. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1835, vibarua wakaletwa kutoka Bara Hindi, na muwa ukaendelea kupanda kutoka tambarare hadi miinuko. Leo msitu wa asili ulio katika hali njema haufiki sehemu 2 katika kila 100 za kisiwa.

Mtu asiyejua maisha ya ndege aweza kudhani kwamba msitu ukipungua nusu, ndege nao hupungua nusu. Sivyo. Kasuku hajengi kiota kwa vijiti. Ataka pango ndani ya mti, na pango hupatikana katika mti mzee, mnene, uliovunjika tawi ukaoza kwa ndani. Miti ya namna hiyo ndiyo iliyokatwa kwanza kwa kuwa ndiyo yenye mbao, na iliyosalia yaliangushwa mingi na tufani, ambazo huko huja karibu kila mwaka. Chakula chake nacho ni matunda, maua na majani ya miti ya asili. Bali ndani ya msitu uliosalia ulikwisha kuingia mpera mdogo wa Amerika ya Kusini, ukasongamana hata mche wa mti wa kienyeji ukakosa mahali pa kuota. Nyani wakachuma matunda mabichi. Nzi wakataga ndani ya viota, na mabuu yao wakanyonya damu ya makinda. Juu ya hayo yote, karibu na mwaka 1886 aliletwa kisiwani kasuku mwingine wa kijani kutoka nchi za mbali, mwenye tabia ya kuzoea kila mahali. Huyu ndiye niliyekuambia habari ya mdomo kwa ajili yake: kwa mgeni, dume na jike wote wana mdomo mwekundu. Kwa macho ya mpita njia ni ndege mmoja, lakini mgeni alizaliana kwa maelfu na kuyakalia mapango machache yaliyobaki. Ukiwa mwenyeji wa Mombasa unamjua kunguru aliyeletwa kutoka Bara Hindi, jinsi avunjavyo mayai ya ndege wadogo. Basi picha unayo.

Katika miaka ya 1980 watu waliojua kuutembea msitu ule waliwahesabu kasuku wa Morisi, wakapata kati ya 8 na 12. Katika hao majike waliojulikana walikuwa watatu.

Nilipowasomea habari hizi wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, binti mmoja, asiyependa kumeza neno kabla ya kulitafuna, aliinua mkono akasema, "Mwalimu, ndege kumi na wawili ni wa nini? Fedha zilizotumika zisingewafaa wengine zaidi?" Baadhi ya wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali hilo limepata kuulizwa na watu wazito. Norman Myers, mtaalamu wa maumbile aliyeishi Kenya miaka mingi na kupata kuwa mwalimu mjini Nairobi, alilishika katika kitabu alichokitoa mwaka 1979. Hakuwa mtu wa kuwachukia ndege. Alikuwa mtetezi wao. Hoja yake ilikuwa kama ya daktari wa vitani aliyepata majeruhi wengi na dawa chache: hana budi kuchagua nani wa kutibiwa na nani wa kuachwa. Akatoa mfano wa kozi wa Morisi, ndege mla nyama wa kisiwa hichohicho, ambaye mwaka 1974 walijulikana wanne tu mwituni. Je, fedha zake zisingewafaa ndege wengine wenye tumaini zaidi?

Hoja hiyo ina akili, na mtu anayeipuuza hajapata kugawa chakula kidogo kwa watu wengi. Kosa lake, kwa maoni yangu, li katika kipimo. Huhesabu waliobaki, kisha huamua kwa hesabu hiyo kama wana tumaini. Lakini uchache wa kasuku wa Morisi haukuwa udhaifu wa kasuku. Majike yale matatu yalitaga. Mayai mengine yalianguliwa. Makinda yakafa kwa njaa, kwa panya, kwa mabuu, kwa maji ya mvua yaliyoingia panganí. Mgonjwa wa namna hiyo hakati tamaa daktari aliyekwisha kuuona ugonjwa. Hukata tamaa yule aliyesimama mlangoni akahesabu vitanda.

Mwaka huohuo wa 1979 alifika Morisi kijana kutoka Wales, jina lake Carl Jones. Alitumwa kuutazama mradi wa ndege wa huko na, kwa lugha ya adabu, kuufunga. Hakuufunga. Alianza na kozi: akayachukua mayai ya kwanza ili jike atage mengine, yale ya kwanza yakaanguliwa kwa mashine na makinda yakalelewa kwa mkono. Kozi wakaongezeka hata wakawa mamia. Baadaye ikaja zamu ya njiwa wa waridi, ambao mnamo 1990 walikuwa karibu kumi mwituni, na zamu ya kasuku. Kazi ilifanywa na shirika la wenyeji, Mauritian Wildlife Foundation, lililoanzishwa mwaka 1984, pamoja na serikali ya Morisi na shirika la Gerald Durrell la kisiwa cha Jersey.

Nataka nikueleze kazi yenyewe ilivyokuwa, kwa maana watu husema "kuhifadhi" kana kwamba ni kuweka uzio na kungoja. Kasuku hutaga mayai mawili hadi manne, wala hayaanguliwi siku moja. Kinda wa kwanza hupata nguvu, na chakula kikiwa haba, yule wa mwisho hunyamaza siku moja asiamke tena. Basi watu walipanda mitini wakatazama. Kinda aliyekuwa akielekea kufa walimtoa, wakampeleka kwa kasuku wengine ambao mayai yao hayakuwa na uhai, au wakamchukua kituoni Black River akalishwa kwa mkono. Mama hakupungukiwa na kitu, kwa kuwa yule kinda hakuwa wake kwa muda mrefu. Panga la mti likivuja liliezekwa. Likiwa na mlango mpana lilipunguzwa. Likioza sakafu lilitengenezwa. Mashina yalizungushiwa vipande laini vya plastiki ili panya ateleze, na matawi yaliyokaribiana na mti wa kiota yalikatwa ili nyani wakose daraja. Ndani ya kiota iliwekwa dawa ya kuwaua mabuu. Mapango yasipotosha, yalitundikwa masanduku.

Hakuna hata moja katika mambo hayo lililo gumu kulifahamu. Ugumu ulikuwa katika kuyafanya kila wiki, juu ya mti mrefu, katika msitu wenye mvua nyingi, kwa ndege ambao ukikosea kwa mmoja umepoteza sehemu ya kumi ya kabila zima.

Kati ya 1997 na 2005 kasuku zaidi ya 100 waliolelewa na watu waliachiwa msituni. Kabla ya kuachiwa walifundishwa kula katika visanduku maalumu vya chakula, ili wasife njaa katika miezi ya ukame wa matunda. Hapo likatokea jambo linalonipendeza kuliko yote. Kasuku wa mwituni walikuwa hawavijui visanduku, wala hawakuvijali. Walipowaona hawa watoto wa kituo wakifungua na kula, wakajifunza kwao. Yatima waliofunzwa na binadamu wakawa walimu wa wazee wao.

Sitaki uondoke na dhana kwamba mambo yalikwenda moja kwa moja. Karibu na mwaka 2005 uliingia ugonjwa wa virusi unaowapata jamii ya kasuku, ambao huwapukutisha manyoya na kuwaharibu mdomo, na waliopata zaidi walikuwa wachanga. Ukimkusanya ndege penye chakula kimoja, unaukusanyia pia ugonjwa wake. Kwa hiyo msaada uleule uliomwokoa ulikuwa na hatari ndani yake. Kazi ya kuwalea na kuwaachia ikasimamishwa. Wapo waliosema mwisho umefika. Ndege wengi walikufa, lakini wengine waliugua wakapona, na hesabu ikaendelea kupanda baada ya kitambo. Mwaka 2007 kasuku huyu aliondolewa katika daraja la viumbe walio karibu kabisa na kutoweka. Kuanzia 2015 baadhi yao walihamishiwa bonde la Ferney, upande wa mashariki, ili tufani moja au maradhi mamoja yasiwakute wote mahali pamoja. Mwaka 2019, walipokuwa wamezidi 750, daraja lao la hatari lilipunguzwa tena.

Nilipata kwenda Morisi kwa mkutano wa walimu, na siku tuliyopewa ya mapumziko wenzangu walikwenda ufukoni. Mimi nikaomba kupelekwa Macchabée, ndani ya hifadhi ya Black River Gorges, iliyotangazwa mwaka 1994 kuwa hifadhi ya kwanza ya taifa ya nchi hiyo. Niliyemfuata alikuwa kijana wa huko, mwenye viatu vya mpira na daftari lililofungwa katika karatasi ya nailoni. Ukungu ulikuwa bado chini. Kwa saa nzima sikuona ila mipera, nikaanza kuwahusudu waliokwenda kuogelea. Kisha yakasikika makelele juu yetu, si mazuri, ya mtu kama anayegombana na bawaba ya mlango, na kijani kikakatiza mbele ya kijani. Kijana akainua darubini, akatazama miguu ya ndege wala hakutazama mbawa, maana miguuni mlikuwa na pete za rangi. Akazisoma, akaandika. Nikamwuliza kama ni dume au jike. Akanipa darubini. Mdomo ulikuwa mweusi.

Nilimwuliza pia, kwa ajili ya yule binti wa kidato cha tatu, kama ndege anayelishwa na kujengewa na kupigiwa hesabu na watu aweza kuitwa ndege wa mwitu. Alifikiri kidogo. Akasema kwamba panya, nyani na mpera pia waliletwa na watu, wala hakuna anayesema msitu ule si mwitu kwa ajili yao. Sikuwa na la kumjibu. Nilipomletea binti jawabu hilo darasani, alilikubali nusu. Alitaka kujua ni mpaka lini.

Swali hilo jawabu lake limo katika msitu wenyewe. Katika vipande kadhaa vya hifadhi watu wameweka ua kuwazuia nguruwe na kulungu, wameing'oa mipera kwa mikono na mapanga, na miche ya miti ya asili imeanza kusimama. Imo iliyonifika kifuani. Lakini mche ulionifika kifuani hauna pango. Hauna budi kukua hata uwe mnene, uvunjwe tawi na tufani, uoze kwa ndani bila ya kufa, na hayo si mambo ya miaka ishirini wala arubaini. Yamkini wajukuu wako ndio watakaokuwa wazee siku kasuku atakapotaga ndani yake. Kwa sasa yako masanduku yaliyotundikwa mitini, na kila Septemba ikikaribia, mtu huchukua kamba na ngazi akapanda kuyafagia.